Uzi wa Pipa la Samaki

Mama Vifuniko alikuwa na masharti mawili tu hapa duniani, na yote mawili yalihusu maji: yafunikwe, na yatiwe dawa. Mengine yote ungeweza kujadiliana naye. Ungeweza kukataa chakula chake, ungeweza kumwambia usoni kwamba anakoroma, angecheka na kukubali. Lakini ukimwachia ndoo wazi, siku hiyo ungejua kwa nini watu walimpa jina hilo.

Jina lilianza mwaka wa kipindupindu, miaka ishirini na sita iliyopita. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka minane na mdogo wake wa miaka minne. Siku moja wifi yake alichota maji akayaweka jikoni. Mama alirudi kutoka sokoni akayakuta. Wifi alidhani mwenye nyumba atayatia dawa akirudi. Mwenye nyumba alidhani wifi ameshatia. Yule wa miaka minne akanywa. Walimzika kabla wiki haijaisha.

Tangu hapo hakutaka tena kudhani. Akatunga sheria ya nyumba: anayetia dawa kwenye chombo cha maji anafunga uzi mweupe kwenye mkono wa chombo hicho. Kuna uzi, kunywa. Hakuna uzi, usiguse. Yule mtoto aliyebaki alikua na sheria hiyo mpaka ikamwingia mikononi. Hata akiwa amesinzia alipapasa kwanza mkono wa ndoo ndipo achote. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, fundi wa lifti, anayeishi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Utani huo mkewe hakuchoka kuurudia mbele ya kila mgeni.

Mkewe hakuwepo tena. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, mwanamke mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Miezi saba iliyopita kichwa kilimuuma Jumatatu, na Alhamisi akazikwa. Aliacha koti lake la kazi likining'inia nyuma ya mlango, na sebuleni tangi la kioo lenye samaki wanne: bapa, wa duara, kila mmoja mpana kama kisahani, rangi ya chungwa yenye mistari ya samawati. Alikuwa amewapa majina ya kazini kwake: Gego, Chonge, Pengo, na yule mkubwa aliyetema kila chakula kigumu, Kibogoyo.

Samaki hao walikuwa wa kudekezwa kuliko mtoto wa mwisho. Maji ya bomba ya jengo lile yalitoka kwenye kisima kirefu, yana chumvi mpaka sabuni inagoma kutoa povu, na wao wangeishi humo siku mbili, wakijitahidi. Kwa hiyo fundi alinunua maji kwenye kituo cha kusafisha maji, yale yaliyochujwa mpaka hayana kitu ndani yake isipokuwa maji yenyewe, akayahifadhi katika pipa la bluu la lita mia mbili kwenye kibaraza cha nyuma. Pipa lilikuwa jipya, halikuwahi kuonja sabuni wala mafuta. Lilikaa kivulini lisiote ukijani, juu ya vipande vya mbao, na kifuniko kilichobana na koki ndogo chini. Kila Jumamosi asubuhi fundi alipunguza ndoo mbili za maji ya zamani kwenye tangi, akachota ndoo mbili pipani, akatia kijiko cha chumvi maalumu ya samaki kutoka kwenye kopo, akayapasha moto kidogo na kuyamimina polepole. Ndivyo mkewe alivyomfundisha, na hakuwa amekosa Jumamosi hata moja tangu azikwe.

Mama alikuja wiki tatu zilizopita, baada ya mfanyakazi mwenzake fundi kumpigia simu na kumwambia, "Mama, kama unaweza kuja, njoo. Sisemi zaidi." Alimkuta mwanawe amekonda, shati linamcheza mwilini. Chakula alikigusagusa kama anayetafuta mfupa. Siku ya pili fundi alisema maneno mengi kuliko siku zote zilizofuata, na aliyasema bila kugeuza uso kutoka kwenye kioo.

"Hawa ndio wanaoniamsha, mama. Saa kumi na mbili wanataka kula, basi naamka." Akamfuata mmoja wao kwa kidole juu ya kioo. "Wasingekuwepo, sioni cha kuniamsha."

Mama alikuwa na sahani mkononi. Aliiweka mezani. Alikuwa ameshazika mtoto mmoja, na alijua mtu anaposema jambo la namna hiyo kwa sauti ya kawaida, halisemi kwa mzaha.

"Na lile pipa la nyuma," fundi aliendelea, "usiliguse tafadhali. Ni maji ya samaki."

Hakuligusa. Wiki tatu nzima alilipita pipa lisilo na uzi, akajikaza, mkono ukimwasha. Hamu yake yote akaimalizia kwa majirani. Bomba lilikuwa likitoa maji siku moja na kukauka tatu, na kila familia ilipanga madumu yake kwenye korido. Mama Vifuniko akawa anapita na chupa yake ya dawa na donge la uzi, mlango kwa mlango, akitia na kufunga, akitia na kufunga. Wengine walishukuru kwa dhati. Wengine waliona ni rahisi kumwacha kuliko kusikiliza hotuba. Aliyemkatalia ni mmoja tu, kinyozi wa chini, mwenye duka mlangoni mwa jengo.

"Bibi, mimi maji yangu niachie yalivyo," alimwambia. "Ukiniwekea humo dawa, wateja wangu watanuka kama hospitali."

Wakanuniana. Siku zote alizopita pale alitazama upande wa pili.

Halafu ikafika Alhamisi. Fundi alirudi kutoka kazini koo limemkauka, akapita moja kwa moja hadi kibarazani, akachukua kikombe, akafungua koki ya pipa la bluu bila kupapasa kwanza, akanywa. Akajaza tena, akanywa tena. Mama alimwona kupitia dirisha la jikoni, na ghafla hakumwona mwanaume wa miaka thelathini na minne. Alimwona mwingine, mdogo zaidi, aliyeshika kikombe kwa mikono miwili.

Ijumaa fundi alipoondoka kwenda kazini, mama alifungua kifuniko cha pipa akatia dawa. Kwa kuwa pipa lilikuwa kubwa na maji yamekaa siku nyingi, alitia vipimo viwili badala ya kimoja, roho itulie. Alijua ameambiwa asiliguse. Lakini alijiambia dawa inayookoa binadamu haiwezi kumdhuru kiumbe kinachoshinda majini, kwani samaki ana nini cha ajabu? Kisha akakata uzi, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na sita. Hakuufunga juu, penye kuonekana. Aliufunga chini, nyuma ya koki, ili sheria itimie na ugomvi usiwepo.

Jumamosi, saa moja asubuhi, fundi alipunguza maji kwenye tangi kama kawaida, akabeba ndoo hadi kibarazani, akachuchumaa mbele ya koki. Mama alikuwa jikoni akiosha vikombe. Mwanawe alikaa pale kwa muda, amempa mgongo, mkono mmoja nyuma ya koki, hatikisiki. Mama akaacha kuosha. Ameuona, akawaza, sasa nitasemwa. Alikuwa ameanza kupanga maneno ya kujitetea aliposikia maji yanatiririka ndani ya ndoo. Hakuuona, akajiambia, na akashusha pumzi kama mwizi aliyepitwa na mlinzi.

Ndoo mbili zikaingia tangini. Fundi alisimama mbele ya kioo akiwa bado ameshika ndoo tupu. Simu yake ikaita: lifti imekwama katika jengo moja la ofisi, watu watano wamo ndani, mmoja wao ni mjamzito. Alichukua mkoba wa vifaa. Mlangoni aligeuka.

"Mama."

"Ndiyo, baba."

"Basi tu," akasema, akaondoka.

Ilikuwa haijatimia hata saa nzima mama alipoingia sebuleni kufagia na kuona samaki wote wanne wamepanda juu. Hawakuwa wakielea kwa raha. Midomo ilikuwa inafunguka na kufumba kwenye uso wa maji, haraka haraka, na mashavu yao yalikuwa yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbizwa. Gego alikuwa amepauka. Kibogoyo, mkubwa wao, alianza kulala ubavu, akajiinua, akalala tena.

Fagio lilimponyoka. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Mwili wake ulijua kabla ya kichwa, na kilichomjia kwanza si samaki, ni ile sauti ya kawaida: wasingekuwepo, sioni cha kuniamsha.

Pembeni mwa kioo mkwe wake alikuwa amebandika karatasi yenye namba ya muuza samaki. Mama alikosea namba mara mbili. Mara ya tatu ikaita, na nyuma ya sauti ya mwanaume akasikia muziki na vicheko.

"Mwanangu, samaki wanakufa," alisema bila salamu.

"Samaki gani, mama? Wa nani?"

"Wa yule binti aliyefanya kazi kwa daktari wa meno. Hawa bapa."

Muziki ukapungua, mwenye simu alikuwa ametoka nje. "Nawafahamu. Poleni sana kwa msiba. Mmebadilisha maji?"

"Leo asubuhi."

"Yametiwa dawa yoyote?"

Kwa miaka ishirini na sita, swali hilo alikuwa akiwauliza watu wengine, na jibu lake lilikuwa moja tu lililo sahihi. "Ndiyo," alisema. "Nimetia mimi. Ya kunywa. Vipimo viwili."

"Aa, mama," muuza samaki akasema, wala hakupaza sauti, na upole wake ulimuumiza zaidi. "Hiyo inawachoma mashavu, ndiko wanakopumulia. Sikiliza. Ningekuletea dawa ya kuiondoa, lakini duka nimefunga, niko harusini, mji mwingine kabisa. Toa nusu ya maji sasa hivi, weka mengine yasiyo na dawa. Yaliyosafishwa, si ya chumvi. Yapashe yawe vuguvugu. Kijiko cha chumvi yao kwa kila ndoo. Na uchukue kikombe, uwe unateka na kumwaga kutoka juu, hewa iingie. Usisimame. Lile pipa liache wazi, dawa itapotea yenyewe kwa siku mbili."

"Samaki watasubiri siku mbili?"

"Hapana, mama. Hata saa mbili, sijui."

Alikata simu akaangalia huku na huku. Nyumba ilikuwa imejaa maji. Kulikuwa na pipa la bluu lililokaribia kujaa; lina dawa. Ndoo tatu jikoni, zote na uzi. Dumu la bafuni, lina uzi. Birika; amelijaza kutoka kwenye ndoo. Alifungua bomba, likakoroma na kutema hewa. Kila tone lililokuwemo humo ndani alikuwa amelipitia yeye kwa mkono wake mwenyewe.

Hata maji ya bomba, pamoja na chumvi yake, yangewapa siku mbili, kwa hiyo alitoka hadi kwenye korido. Dumu la kwanza lilikuwa la mama mwenye mapacha: uzi mweupe. La pili: uzi. La tatu lilikuwa na nyuzi mbili, wiki iliyopita na wiki hii. Akashuka ghorofa ya pili akipapasa mikono ya madumu kama kipofu, uzi, uzi, uzi, akigonga milango na kuuliza kama kuna mwenye maji yasiyotiwa dawa.

"Hapana, bibi, usiwe na wasiwasi," dada mmoja alimjibu akitabasamu. "Yote ulishatuwekea. Hatunywi kitu bila uzi wako siku hizi."

Alisimama kwenye ngazi akashika ukuta. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na katika jengo zima hapakuwa na hata kikombe kimoja cha kumfaa. Alitaka kukaa chini palepale alie. Mtoto mmoja alimpoteza kwa maji yasiyotiwa dawa, na huyu wa pili anakwenda kumpoteza kwa maji aliyoyatia dawa yeye. Kumpigia hakuthubutu, yuko kwenye shimo la lifti, juu ya watu watano, na taarifa ya namna hiyo haipewi mtu aliyesimama juu ya waya. Na angemwambiaje? Angeanzia wapi?

Ndipo akakumbuka kuna mlango mmoja ambao hakuwahi kuutilia dawa.

Duka la kinyozi lilikuwa limejaa, Jumamosi ni Jumamosi. Wateja wanne walikaa kwenye benchi, wa tano alikuwa kitini, nusu ya kichwa imeshanyolewa na nusu ni kichaka. Kona moja palikuwa na ile mashine ya mvuke ya kulainishia uso, na chini yake madumu mawili ya lita ishirini. Mama aliingia moja kwa moja mpaka kwenye madumu, akainama, akapapasa mikono yake. Hakuna uzi.

"Bibi," kinyozi alisema, mashine ikiendelea kunguruma mkononi, "tulishaongea."

"Haya ni maji gani?"

"Ya kituoni, yaliyosafishwa. Haya ya bomba yanaziba mashine yangu kwa chumvi. Nilikwambia usi..."

"Nipe," alisema mama. "Nakuomba. Nimetia dawa maji ya samaki wa mwanangu, na samaki wanakufa, na wakifa wale simwoni mwanangu akibaki. Nipe haya, mwanangu. Unaweza kunitukana baadaye, nitakuja nikae hapo kwenye benchi unitukane mpaka jioni."

Wateja waliangalia chini. Jengo zima lilijua habari za fundi wa lifti. Watu waliishi naye ngazi moja na walikuwa wameacha kumsalimia kwa kukosa la kusema. Kinyozi alizima mashine. Alifungua kabati akavuta dumu la tatu, akaliweka begani, akachukua la pili kwa mkono.

"Na mimi?" aliuliza yule wa kitini, akishika ile nusu ya nywele.

"Wewe beba hilo lililobaki," kinyozi alimjibu.

Wakapanda ngazi watatu hao: kinyozi mbele, mama katikati akiwa ameshika kifua, na nyuma yao mwanaume mwenye nusu kichwa, bado amevaa shuka la kunyolewa, akihema na kuhesabu ghorofa kwa hasira. Watu walifungua milango. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka wiki nzima.

Kibogoyo alikuwa amelala chini ya tangi. Chonge alikuwa akizunguka ubavuubavu. Mama hakuruhusu macho yake yakae kwa yeyote. Alimpa kinyozi mpira wa kunyonyea maji, akamwonyesha dirisha la kuyamwagia nje. Yeye akaweka sufuria mbili jikoni, akapasha, akayapima maji kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga, akatia kijiko cha chumvi, akapeleka, akamimina, akarudi. Mwenye nusu kichwa alipewa kikombe na kuambiwa ateke na kumwaga kutoka juu, asisimame, na kwa kweli hakusimama. Povu jeupe lilichemka juu ya tangi na shuka lake likalowa chepechepe.

"Umempigia mwanao?" kinyozi aliuliza.

"Bado. Hajui lolote," mama alisema. "Nitamwambia akirudi. Nitamwambia nikiwa namtazama."

Dumu la kwanza likaisha, la pili likaisha. Kwenye la tatu Chonge alisimama wima, akayumba, akasimama tena. Gego na Pengo walishuka kutoka juu ya maji, hatua moja, kama watu wanaojaribu ngazi iliyooza. Midomo yao ilikuwa bado inakwenda, lakini si kwa kasi ile. Kibogoyo hakuinuka. Mama alimtoa kwa sahani, akamfunika kwa kitambaa cha jikoni, kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya kufunika.

"Yanatakiwa mengine," alisema. "Nusu nyingine. Mashavu yao bado yanahema."

"Kituoni ni mbali kwa miguu, na..." kinyozi alianza, kisha akanyamaza, kwa kuwa kwenye ngazi kulikuwa na mtu anapanda mbio. Alikuwa akikwea ngazi mbilimbili na kitu kizito kikigonga ukutani.

Mlango ulisukumwa. Fundi alisimama pale na magwanda yake ya kazi yenye grisi, kifua kinampanda na kushuka, macho mekundu. Begani alikuwa na dumu la lita ishirini la maji yaliyosafishwa, muhuri wa kituo bado juu ya kifuniko. Mkononi alikuwa na lingine.

Alimwona kinyozi, akamwona mwanaume wa ajabu mwenye nusu kichwa na kikombe, akaliona tangi. Akahesabu kwa midomo. Watatu. Kisha akaona sahani na kitambaa.

Mama alikuwa amejiandaa kwa lolote isipokuwa madumu yale. Aliyatazama, akamtazama mwanawe, akarudi kuyatazama. Hakuna aliyempigia. Hakuna aliyemwambia kwamba samaki wanataka maji.

"Nani amekwambia?" aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

Fundi aliweka madumu chini. Kinyozi alikuwa mtu wa kuelewa mambo. Alimshika mwenzake mkono, akakitoa kikombe mkononi mwake, wakatoka na kuuvuta mlango taratibu.

"Niliuona uzi, mama," fundi alisema. "Niliushika. Nilijua ni nini, na nilijua itawafanya nini. Mke wangu mwenyewe alinifundisha, siku ya kwanza kabisa, kwamba maji ya dawa yanawaua."

"Na ukafungua koki."

"Nikafungua."

Tangi lilitoa sauti ya mapovu. Mama alitaka kuuliza kwa nini, na hakuuliza, maana jibu alikuwa nalo tangu siku ya pili.

"Nimechoka, mama. Kila siku saa kumi na mbili. Nikawaza, leo sikufanya mimi, ni mama, ni dawa, ni bahati mbaya. Hawa wakiisha, na mimi niwe nimeruhusiwa." Alisema hivyo akitazama sakafu, kwa sauti yake ya kawaida. "Tukawatoa wale watu wa lifti. Yule mjamzito alinishika mkono akakataa kuuachia mpaka chini kabisa. Halafu nikakumbuka kwamba wewe ndiye uko hapa nao. Kwamba utawakuta wewe. Kwamba utajua ni dawa yako, na utakaa na hatia hiyo kama ulivyokaa na ile ya mdogo wangu, na safari hii nitakuwa nimekufanyia mimi, kwa makusudi. Ndipo nikakimbia."

Mama alimkaribia. Alimpiga kofi moja begani, zito, la mtu anayefukuza nyuki, kisha akamshika kwa magwanda yake yale machafu kwa mikono miwili na hakumwachia. Alilia kwa sauti, hakujali majirani. Fundi naye alilia, mara ya kwanza tangu mazishi, na alilia vibaya, kama mtu asiyejua kazi hiyo.

"Sitakwambia uamke kwa sababu yangu," mama alisema alipoweza kusema. "Najua haitoshi. Lakini siku ukiona hutaki, uniambie mimi. Usiliambie pipa. Unanisikia? Uniambie kwa mdomo, hata kama nimelala."

"Nasikia."

"Na kesho kutwa tutakwenda kwa daktari, wewe na mimi. Si wa meno."

Fundi alitoa kitu kilichokaribia kuwa cheko. Kisha akafungua muhuri wa dumu, akapasha maji, akapima chumvi, na wakaendelea na kazi, yeye akimimina na mama akiteka na kumwaga kwa kikombe, hadi mkono wake ukafa ganzi akahamia mkono wa pili. Mchana ulipogeuka, Gego alishuka chini kabisa akaokota chembe ya chakula, akaitafuna. Chonge alikuwa bado analalia ubavu mmoja. Hakuna aliyejua kama atafika kesho, na hakuna aliyejidai kujua.

Mama alikwenda kibarazani. Akainama nyuma ya koki, akafungua kile kifundo chake kidogo, akatia uzi mfukoni. Kisha akabandua kifuniko cha pipa la bluu, akakiegemeza ukutani, akaliacha pipa wazi. Ilimlazimu kujishika mikono ili asikirudishe.

Aliporudi, fundi alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kioo, mgongo kwenye ukuta, jasho limemkaukia usoni.

"Mama," alisema, "naomba maji ya kunywa."

Kwa wiki tatu hakuwahi kuomba kitu chochote, si chakula, si chai, si hata chumvi mezani. Mama aliingia jikoni. Akapapasa mkono wa ndoo, akaugusa uzi, akaugusa tena. Akachota kikombe, akampelekea, akasimama juu yake mpaka alipokimaliza, kisha akakipokea na kwenda kumjazia kingine.